Mashahidi wa Kihenge

Katika mwaka ambao Musoma nzima ilikuwa na modemu moja, modemu hiyo ilikaa Mukendo, kwenye ofisi ya mradi wa maji wa kanisa, juu ya kabati la mafaili, imefunikwa kitambaa cha kufuma. Kitambaa alikifuma Sista Ursula, na funguo za ofisi alikuwa nazo Sista Ursula. Aliamini kwamba chombo kinachozungumza na Nairobi kila siku hakifai kukaa uchi mbele za watu.

Wankyo Magige alifika hapo kabla ya saa saba mchana. Saa saba ndipo maofisa wa mji walipokwenda kula, laini za simu zikapumua, na modemu ikapata nafasi ya kupiga Nairobi. Ililia kama mbuzi aliyekanyagwa mguu, ikanyamaza, ikakoroma, kisha barua zilizoandikwa tangu asubuhi zikaondoka zote kwa mkupuo na nyingine zikaingia. Simu ikakatwa. Kusoma kulifanyika baadaye, kwa raha. Alipokuja kuzeeka na kuona watu wakiibeba intaneti mfukoni na kuisoma wakivuka barabara, Wankyo alikuwa akisema kwamba zamani dunia ilikuja mara moja kwa siku, saa ya chakula, na mtu alibaki na jioni nzima ya kufikiri jibu. Vijana walidhani analalamika. Alikuwa anakumbuka tu.

Kabla ya hapo alikuwa na maisha mengine, ya ubaridi. Chama kikuu cha ushirika wa pamba kilikuwa na chumba cha kompyuta mjini, na chumba hicho kilikuwa na kiyoyozi. Ilikuwa miaka ile ya foleni: sabuni foleni, sukari foleni, mtu akiona mstari anajiunga kwanza halafu ndipo anauliza unakwenda wapi. Wankyo aliingia humo akitoka shule, akaanza kwa kuingiza kilo za wakulima, akaishia kuandika programu zenyewe, kwa sababu aliyekuwa akiziandika alipelekwa kozi ng'ambo akaipenda nchi aliyopelekwa. Utepe wa printa ukikauka waliurudishia uhai kwa wino wa mhuri. Karatasi zilichapwa pande zote mbili. Wageni walifika na maswali yasiyo na kichwa wala miguu, wakakaa muda mrefu, wakaondoka wamepoa. Hakuna aliyekuwa na sukari nyumbani, lakini chumba kizima kilijua pamba ya mkoa iko wapi.

Halafu biashara ikafunguliwa. Sukari ikarudi dukani, sabuni ikaja ya kila rangi, wanunuzi binafsi wa pamba wakaja na malori yao, na chama kikasinyaa mpaka kikabaki na kiyoyozi kisicho na mtu wa kumpoza. Wankyo na wenzake walipunguzwa kazini kwa hotuba nzuri sana. Kwenye mnada wa vifaa chakavu alinunua kompyuta aliyoizoea, kwa kuwa hakuna mwingine aliyeitaka. Watu walikuwa wanagombania viti.

Kwa kompyuta hiyo ndiyo alitengeneza Kihenge, alichokipa jina la ghala la nafaka la kijijini. Kuieleza kazi hiyo kulikuwa kugumu kuliko kuifanya. Kihenge hakikuwa programu ambayo mtu anaifungua na kuitazama. Kilikuwa databesi ndogo ya kutiwa ndani ya programu nyingine: mwandishi wa programu anakichukua, anakishonea ndani ya kazi yake, na tangu hapo kinamtunzia kumbukumbu humo humo, bila mashine ya pembeni wala mtu wa kukiangalia. Na kwa kuwa umeme wa Musoma ulikuwa na tabia ya kuondoka bila kuaga, Kihenge kiliandika kila jambo mara mbili, mahali pawili, kabla ya kusema kimemaliza. Umeme ukikatika katikati, nakala moja ilibaki nzima.

Dada yake Jenoveva alipoelezwa haya aliyarudia kwa maneno yake.

"Kwa hiyo umetengeneza kitu ambacho kikifanya kazi vizuri hakuna atakayejua kama kipo."

"Ndiyo."

"Na unataka kukiuza."

"Ndiyo, dada."

Jenoveva alikuwa na meza mbili za mitumba sokoni Bunda, na kila alichouza kilionekana hata kwa mpita njia. "Meza ya tatu nakushikia mpaka mwisho wa mwezi," alisema. "Baada ya hapo nampa Hana, yule jirani yangu wa sokoni anayeiomba."

Hapakuwa na ubaya katika maneno hayo, na hilo ndilo lililomkosesha Wankyo usingizi. Akienda kwenye meza ya mitumba asingerudi tena kwenye kuandika programu. Alijua hivyo kama mtu anavyojua uzito wa mwili wake.

Tumaini lake lilikuwa Baraza. Waandishi wa programu wa Kampala, Lusaka, Harare na Nairobi walikuwa na mahali pao pa kuandikiana kwa njia ya modemu, na mahali hapo paliendeshwa kwa mashine iliyokuwa Nairobi na mtu aliyetia saini kwa neno moja tu, Msimamizi. Waliandikiana Kiingereza, tena kifupi. Mtu aliingia bila hodi, akauliza, akajibiwa, akatoka bila asante. Mwanzoni mwa mwezi ule watu wa Harare waliandika kwamba wanatengeneza programu ya zahanati za vijijini, ya kutumika katika nchi kadhaa, na wanatafuta databesi ndogo ya kutia ndani yake. Mwenye nayo aiseme hapo barazani. Wangeamua kabla mwezi haujaisha, na mwenye kuchaguliwa angepewa kazi ya kuitunza, kwa malipo.

Wankyo akaandika. Aliwasalimu wote. Aliulizia familia zao, mvua za kwao na afya za wazazi wao, akajitambulisha yeye ni binti wa nani na kwao ni wapi, akaomba radhi kwa kuwachukulia muda, na kwenye mstari wa mwisho akataja kwamba ana databesi iitwayo Kihenge, kama kuna atakayependa kuiona. Jibu la Msimamizi lilikuja kesho yake: hili ni baraza la ufundi, si kitabu cha wageni.

"Mwanangu," Sista Ursula alisema, akisoma juu ya bega lake, "umesalimia dunia nzima, mzigo wenyewe umeuacha nje ya mlango."

"Sista, siwezi kukisifia mwenyewe. Kwetu mtu hasifii cha kwake."

"Kwenu wapi huko? Mimi nakutana na watu wa kwenu kila siku."

Nyumbani kwao, Butiama, ndivyo ilivyokuwa. Baba yake akipeleka ng'ombe mnadani alikwenda na majirani na shemeji yake mmoja mwenye sauti. Wao ndio waliosema: maziwa yake, mama yake, upole wake. Mzee Magige alisimama kando akitazama vilima, kana kwamba ng'ombe ni wa mtu asiyemfahamu. Mnunuzi akimuuliza jambo, alijibu, "Waulize wanaomjua." Mtu aliyemsifia ng'ombe wake kwa kinywa chake mwenyewe alihesabiwa kuwa anaficha ugonjwa. Wankyo alikua akiyaona hayo akiwa ameshika kamba, na hakuwahi kusikia kwamba kuna nchi ambako mambo yanakwenda kinyume.

Kwa hiyo akawaita wanaomjua. Kihenge kilikuwa na watumiaji watatu. Wa kwanza Sista Ursula mwenyewe, aliyekuwa nacho ndani ya programu ya visima. Wa pili Nyamhanga, karani wa mzani kwa mnunuzi mmoja wa pamba huko Manyamanyama. Wa tatu Getruda, nesi wa zahanati moja ya Butiama, aliyesoma na Wankyo shule ya msingi; yeye alikuwa nacho ndani ya programu ya kadi za watoto.

Nyamhanga alikuja juu ya lori la pamba, Getruda akaja na gari lililofuata dawa. Walisimama mbele ya meza ya Sista wakashuhudia mmoja mmoja.

"Andika hivi," Nyamhanga alisema. "Hicho kitu hakijawahi kupoteza kilo ya mtu. Umeme umekatika, jenereta imezima, mvua imenyea mezani, kilo zipo."

Sista aliyageuza kuwa Kiingereza, kile alichofundishwa na masista waliokwishalala makaburini siku nyingi. Katika Kiingereza hicho Nyamhanga alikuwa na heshima na furaha isiyo na kifani kushuhudia. Getruda naye akawa na heshima na furaha isiyo na kifani. Sista Ursula, akijiandikia mwenyewe, hakuona sababu ya kupungukiwa. Saa saba barua zote tatu zikaondoka pamoja, kwa anuani ya mradi wa maji, kwa kuwa nyingine haikuwepo.

Kesho yake Wankyo alisoma jibu akiwa amesimama, akakaa, akalisoma tena.

"Watu watatu, anuani moja, saa ileile," Msimamizi aliandika, "na wote wana furaha isiyo na kifani. Tumewahi kuona wauzaji wanaojitungia wateja. Huyu hakujisumbua hata kubadilisha sauti. Ijumaa namwondoa barazani, labda awe na maelezo." Chini yake mtu wa Harare aliongeza kwamba inasikitisha, maana walikuwa wameanza kukiangalia.

"Ananiita mimi mtu wa kutungwa?" Sista Ursula aliuliza. "Mimi? Nimeweka nadhiri za daima mbele ya askofu, kanisa limejaa!"

Wankyo aliandika maelezo mafupi, safari hii bila salamu: watu hawa wapo, modemu ni moja. Msimamizi akajibu kwamba hivyo ndivyo wanavyosema wote. Wala hakuwa mtu mbaya. Nairobi alikokuwa, mwenye la kusema alikuwa na modemu yake mezani, na haikumwingia akilini kwamba kuna mji mzima unaosubiri zamu kwa sista. Mukendo nako, hakuna aliyewaza kwamba kuna mahali watu hawaazimani simu.

Likabaki jambo moja. Ijumaa mashahidi walirudi, waandike wenyewe, kwa vidole vyao, na kwa Kiswahili, kwa kuwa Msimamizi wa Nairobi angekielewa. Sista alikatazwa kutafsiri. Wankyo aliwaonyesha pa kubonyeza, kisha akatoka kwenda kununua soda. Mtu aliyeacha mzani wake msimu wa pamba kwa ajili yako humkalishi koo kavu. Duka la kwanza soda zilikuwa za moto, la pili vivyo hivyo. Alipozipata za baridi saa saba ilikuwa imefika, na alipokaribia ofisi alisikia mbuzi wa modemu akilia na juu yake sauti za watu wawili wakigombana.

Akaweka chupa chini, akasoma kwenye kioo.

"Mimi ni Nyamhanga wa Manyamanyama, niko hai. Kihenge hakipotezi kilo, hilo nalisema tena. Ila kinachelewaga. Nikipima mzigo kinaandika, kinafikiri, kinaandika tena, na wakulima wamejipanga mpaka barabarani wananitukana mimi, hawakitukani chenyewe. Nimemwambiaga dada Wankyo, ananijibu ni kwa usalama. Usalama gani, na mimi ndiye nitapigwa?"

"Mimi Getruda, nesi, Butiama. Huyo kaka wa pamba asisikilizwe. Mtu asikiongezee mwendo hicho kitu. Jenereta yetu inazimikaga katikati ya kliniki na hakuna mtoto aliyepotelea humo. Shida yake ni majina. Kinatafuta kwa jina la kwanza peke yake. Nikiandika Wankyo kinaniletea Wankyo wote wa tarafa. Nikiandika Nyamhanga ndiyo usiseme, kijiji kizima kinasimama."

"Ni mimi tena, Nyamhanga. Jina langu limeingiaje hapa?"

"Limeingia kwa sababu mko wengi."

"Tuko wengi kwa sababu tunazaa. Nyie wa zahanati mnatakaga watu wapungue ili kompyuta ipumzike."

"Mimi ni Sista Ursula, mwenye modemu. Naomba wageni hawa wasamehewe. Kihenge kimetunza visima vyetu bila kupoteza hata kimoja, ingawa viwili havina maji. Hilo si kosa la Kihenge."

Mbuzi alinyamaza. Simu ilikuwa imekatika.

"Sista," Wankyo alisema polepole. "Umezituma?"

"Saa saba ilifika. Nairobi haitungojei tumalize ugomvi."

"Wametangaza makosa yote!"

"Ulisema waandike wenyewe."

Getruda alitazama chupa za soda zilivyokuwa zikitoka jasho sakafuni. "Tumekuharibia?" aliuliza.

"Dada, mimi nimesema hakipotezi," Nyamhanga alijitetea. "Nimelitanguliza kabisa."

"La kutangulia watu hawalisomagi," Getruda alisema, "wanaangalia la mwisho."

"La mwisho ni la Sista!"

Wankyo aliwagawia soda. Hakuwa na hasira nao, na hilo lilimchosha zaidi. Kila walichoandika kilikuwa kweli.

Jumamosi alikwenda Bunda. Jenoveva alimpa rundo la mashati na kumwonyesha namna ya kulikung'uta shati likapiga kelele kama limetoka kiwandani juzi. Jenoveva aliisifia bidhaa yake mwenyewe kwa sauti iliyofika stendi, bila shemeji wala jirani, na watu walikuja. Wankyo akauza koti moja zito, kwa mtu wa Bunda, mwezi wa joto. Ilikuwa kazi ya halali, yenye watu na vicheko. Alikunja yaliyobaki vizuri sana, kwa urefu sawa, na dada yake akamtazama mikono akasema, "Utazoea."

Jumatatu alifika kwa Sista akiwa amechelewa kwa makusudi. Barua zilikwishaingia. Ya Msimamizi ilikuwa kwa Kiswahili.

"Muuzaji anaweza kujitungia watu wa kumsifia," aliandika. "Sijawahi kuona aliyejitungia watu wa kumgombeza, halafu wakagombana wao kwa wao. Mama Wankyo, samahani. Sista, samahani sana." Na kwa manufaa ya wasiojua Kiswahili alikuwa ameutafsiri ugomvi wote kwa Kiingereza, pamoja na visima viwili visivyo na maji.

Kampala waliandika kwamba wamecheka. Lusaka mtu aliuliza hilo la kuandika mara mbili linafanyikaje, kwa maana umeme wa kwao nao una tabia zake. Watu wa Harare waliandika mistari michache. Kuchelewa hakuwasumbui, zahanati haina foleni ya malori. Majina ndiyo. Kwao pia kuna vijiji ambako nusu ya watoto wana jina moja. Mwezi ulikuwa umebakiza siku chache tu. Kama tatizo la majina lingetibiwa, na yule nesi wa Butiama akasema mwenyewe kwamba limetibiwa, wangekichukua Kihenge. Wankyo asiseme yeye. Aseme nesi.

Alifanya kazi siku hizo kama alivyofanya enzi za kiyoyozi, isipokuwa sasa alifanya akitokwa jasho. Kihenge kilifundishwa kutafuta kwa jina la mtoto, la baba na la kitongoji kwa pamoja, bila kuacha ile tabia ya kuandika mara mbili. Kisha akaiweka diski kwenye mkoba, katikati ya kanga iliyokunjwa, akapanda gari la Butiama.

Ilikuwa siku ya kliniki. Akina mama walijaa kwenye benchi na nje chini ya ukuta, watoto wakilia kwa zamu. Getruda hakumruhusu kugusa chochote kabla ya kula, na alipokula alimwambia akae mbali na mashine.

"Usinisaidie. Ukinisaidia watasema tumepanga."

Akaanza. Mama akitaja jina, Getruda aliliandika, akauliza baba, akauliza kitongoji, akabonyeza. Wankyo alisimama dirishani akitazama nje, ambako hakuwa akiona kitu. Alisikia vibonyezo tu, na jenereta, na jina la Nyamhanga likitajwa mara nyingi kuliko alivyotarajia. Jenereta ilizimika mara moja, ikawashwa, kazi ikaendelea. Hakugeuka. Wakati ule hakufikiria Harare. Aliwaza jinsi chumba kile kilivyokuwa kimya siku walipokuja kuchanjwa yeye na Getruda wakiwa wadogo, na karani mzee akipekua kadi za karatasi kwa mate, na mama yake akingoja na wengine mpaka jua likageuka.

"Haya," Getruda alisema. "Njoo uone nilichoandika, lakini usibadilishe."

Kwenye diski aliandika: Limepona. Mtoto mmoja ukimtafuta anakuja mmoja. Getruda, nesi. Kisha akaongeza mstari mwingine: Mwendo bado.

"Hiyo ya nini sasa?" Wankyo aliuliza. "Harare hawajali mwendo."

"Ya Nyamhanga. Hayupo hapa kujisemea."

Wankyo aliuacha mstari ule ulivyokuwa. Kesho yake saa saba ukaenda Nairobi, na siku ya pili Harare wakakichukua, na meza ya tatu akapewa Hana. Kwa miaka kadhaa Kihenge kilifanya kazi ndani ya zahanati ambazo Wankyo hakuziona wala kuweza kutamka majina yake, na hakuna mgonjwa hata mmoja aliyejua kama kipo. Msimu wa pamba uliofuata, alipopata nafasi, alikwenda Manyamanyama akakaa siku nzima kando ya mzani, akimsikiliza Nyamhanga akitukanwa, ili ajue pa kuanzia.